Macho ya Mama Masanja

Baba,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kisha nikaweka kalamu chini kama mjinga, nikisubiri marahaba yako itoke chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera, ulikokuwa ukiitikia salamu zote, hata za wakubwa, bila kutoa kichwa. Kitambaa nimekifua. Mama alinikataza, alisema bado kina harufu yako. Lakini kilikuwa na vumbi la sokoni pale ulipoangukia, na mimi nilishindwa kukitazama.

Kesho ni arobaini yako. Baba mdogo Idi amekuja kutoka Tabora na fremu ya mninga, ya kutilia picha yako. Hiyo fremu ndiyo imenikalisha hapa barazani kukuandikia. Kuna neno sikukwambia ulipokuwa hai.

Picha yako iko moja tu. Umewapiga wauza michembe ya viazi vikavu, mafundi viatu, wapakizi wa marobota ya pamba pale stesheni, soko zima la Shinyanga. Wewe ulipigwa mara moja, na mimi, siku uliyokaa kwenye kigoda cha Mama Masanja muuza karanga ukasema, "Haya Zena, leo na mimi mteja." Nikahesabu ulivyonifundisha. Watu tunawaambia tutahesabu mpaka tatu, halafu tunapiga kwenye mbili, maana kwenye tatu kila mtu hufumba. Wewe hila ni yako mwenyewe, ukaisubiri mbili, ukafumba kwenye mbili! Tulipokitoa kioo cha picha kwenye dawa ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukasema tutarudia. Hatukurudia.

Sasa Mama ananiambia, "Mfungulie baba yako macho." Anajua naweza. Amenitazama miaka yote nikikwangua karatasi kwa ncha ya wembe mpaka weupe wa jicho utokee, kisha natia mboni kwa brashi na wino. Baba mdogo naye ameshika hapo hapo: "Hata Malkia kule bomani katundikwa macho wazi. Kaka yangu atundikwe amelala?"

Hawajui sharti lako. Uliniambia siku ya kwanza uliponipa brashi: "Aliye hai mfungulie. Ukimkosea atarudi kutugombeza. Aliyekufa atamgombeza nani?" Nikaitikia. Kisha nikaja kulivunja.

Mama Masanja alikuwa akitoka Ibadakuli kwa miguu na kikapu chake kichwani, na alikaa karibu na kamera siku nyingi hata hila yako akaijua. Kila ukimpiga, anafumba kwenye mbili. "Mayu, mama yangu, fumbua!" unamtania. Naye: "Nifumbue wapi, na wewe hesabu yako ya uongo!" Soko linacheka. Masika yale homa ikamchukua. Masanja, mwanawe wa pekee, alikuwa mgodini Geita, akafika siku ya nne baada ya maziko. Wewe ulikuwa umekwenda Chato kuwapiga wauza samaki.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Nikampa picha ya mama yake. Akaitazama, akairudisha mezani. "Dada Zena, sikumuwahi. Na hapa napo amenifumbia. Mimi nataka aniangalie, basi."

Baba, ungekuwapo ungemjibu nini? Mimi nilichukua wembe. Nikakaa na ile sura, na ndipo nilipogundua kwamba siyakumbuki macho ya mwanamke niliyemwamkia kila asubuhi tangu utoto wangu. Meno yake nayakumbuka, vidole vyake vikimenya karanga navikumbuka. Macho, hapana. Basi nikakitungua msumarini kioo cha wateja cha kujitazamia, nikajitazama, nikachora yangu. Masanja alilia. "Wabeja, asante dada, wabeja sana." Akaifunga picha kwenye leso akaenda nayo.

Uliposhuka kwenye lori la Chato mlikutana, naye akakuonyesha kwa furaha. Ulikuja nyumbani, ukala ugali wako wote, ukanawa, ndipo ukasema bila kunitazama, "Macho yale ni yako."

Basi. Hukunigombeza, na afadhali ungenigombeza. Ila tangu siku ile hukunipa tena brashi. Ulikuwa ukiziinamia picha mwenyewe, uzee umeshakuchosha, na mimi nikaona kiburi kuomba msamaha, nikanuna. Tulinuniana kama wake wenza, wewe na mimi, miezi miwili. Na muda wote huo nilikuwa na jambo la kutisha ndani yangu ambalo nilitaka nikwambie wewe peke yako. Nilikuwa najua kwamba huko Geita, kwenye chumba nisichokijua, macho yangu yamekaa wazi kwenye sura ya marehemu. Nikiwa nachota maji nakumbuka. Nikisali nakumbuka. Mimi napepesa, yale hayapepesi.

Halafu ikaja Jumamosi yako. Mchana, soko limejaa. Ulimkalisha Mama Shija muuza dagaa, ukamwambia atulie, ukaingia chini ya kitambaa. "Moja," ukasema.

Mama Shija akatulia. Mikono juu ya mapaja, uso kwenye jua, hapepesi, mpaka machozi yakaanza kumtoka. Mimi nilikuwa hatua tano tu, na hasira zangu, nikidhani unatengeneza kitu. Wote tulikungoja, Baba. Soko zima lilisimama likingoja mbili, mpaka miguu ya kamera ilipoanza kuinama.

Wiki iliyopita nikakaa na picha yako, wembe na brashi mkononi. Nikayatafuta macho yako. Nikayaona makubadhi yako chini ya kitambaa, nikakisikia kikohozi chako. Macho sikuyapata. Nimekaa na wewe miaka ishirini na sita, na macho yako sikuyapata! Nililia mpaka Mama akaja kuchungulia. Naye akanifariji kwa neno baya kuliko yote: "Si ujitazame tu? Macho umechukua kwake." Kile kioo kiko pale pale msumarini. Ingekuwa kazi ya muda mfupi, na kesho kila mtu angesifu.

Alhamisi Masanja akaja. Habari zako alizipata kwa dereva wa lori. Akampa Mama pole, akakaa kidogo, kisha akaifungua ile leso mbele yangu. "Dada Zena, usinichukie. Mama ananiangalia, lakini hanijui. Nikitoka shimoni namkuta ananiangalia kama mtu aliyekosea nyumba. Nipe yule wa kwanza, hata amefumba."

Nikakitafuta kioo cha picha yake kwenye sanduku lako. Kilikuwa salama, na sura ilikuwa vilevile, haijaguswa. Nikakiweka kwenye fremu ya kuchapia juu ya karatasi, nikakianika juani, nikamchapia mama yake amefumba. Alipoishika alicheka, Baba. Alicheka akifuta pua. "Huyu ndiye! Anamkwepa mzee na hesabu yake." Akaondoka na huyo. Ile nyingine akaniachia mezani.

Niliishika kwa mikono miwili niichane. Na hapo ukaniangalia.

Ni wewe. Jicho la kushoto limelegea kidogo kwenye kope, kama lako lilivyokuwa ukitoa kichwa chini ya kitambaa kwenye mwanga. Kumbe na langu limelegea, sikuwahi kulijua, nililichora tu kama nilivyoliona. Kwenye sura ya muuza karanga ndipo mahali pekee duniani baba yangu anaponiangalia. Nimeogopa, na bado sikuweza kuichana. Nimeilaza kifudifudi kwenye sanduku la vioo, na hata sasa ninavyoandika najua iko wazi huko ndani.

Nisamehe. Hilo ndilo neno nililokuwa nalo, na nimechelewa nalo.

Kesho utatundikwa umefumba. Baba mdogo amenuna. Mama aliifuta fremu kwa upindo wa kanga, akasema, "Haya. Watu wakiuliza nitawaambia alikuwa anatutania." Brashi nimeirudisha mahali ulipoificha, nilipajua siku zote. Kwa picha za walio hai nitaishika. Kwa ya aliyekufa, kamwe.

Kuna moja tena. Mama Shija tangu siku ile anakuja sokoni na kanga ile ile. Kila nikipita ananiuliza, "Mwanangu, yangu ilitoka?" Mimi huharakisha hatua. Jumamosi nitabeba kamera, nitamkalisha pale pale, nitajifunika kitambaa chako. Nitamwambia atulie.

Pumzika, Baba. Moja ulishasema. Mbili nitaisema mimi.

Mwanao,
Zena