Mwanya na Kijiko cha Mti

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Mimi mzima, ila usingizi umenipa kisogo. Tangu umlete mchumba wako, hata salamu hujaniandikia. Chakula hakikumpendeza? Binti mpole, na mwanya wake ule unatamani umchekeshe tu. Lakini tukiosha vyombo kanisimulia habari za mjomba wake: ana mwanya vilevile, na huanguka kifafa. Nikaogopa. Damu ni damu, baba; aliyerithi mwanya hakosi kurithi na kifafa. Ndiyo maana mezani nilipakata kijiko cha mti, akianguka nimtie mdomoni asing'ate ulimi. Nadhani hakukiona.

Niandikie, moyo unakwenda mbio kama cherehani.

Mama yako


19 Machi

Shikamoo mama,

Alikiona. Njiani akauliza, "Mama yako alitaka kunikoroga?" Tukacheka, kisha akalia. Hataki kuja tena.

Mama, wewe ni fundi, utanielewa. Mtoto hushonwa kwa vipande kutoka kwa baba na kwa mama. Maua mawili yaliyokaribiana kwenye kitambaa kimoja huenda pamoja. Mkasi hupita katikati yao kwa nadra. Yakikaa mbalimbali, mkasi huyatenganisha mara kwa mara. Yakiwa vitambaa tofauti, kila moja linakwenda kivyake. Mwanya na kifafa si maua jirani; mtu anaweza kurithi mwanya peke yake. Tena kifafa mara nyingi hakirithiwi kabisa.

Nimemwambia pia alama za meno kwenye kijiko kile ni za nani. Nilianguka kifafa mpaka nikaanza shule, na mwanya sina. Nikadhani ataniacha. Akauliza tu, "Ukianguka tena nikufanyieje?" Nikamjibu: nilaze ubavu, usinitie kitu mdomoni.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa aibu. Barua nimeisomea kibandani, mteja akaniuliza nimefiwa na nani. Uso wangu niuweke wapi? Nimemkagua mtoto wa watu kinywani kama mbuzi wa mnadani, na kijiko nilichopakata kina meno ya mwanangu! Nyani haoni... unajua inavyoishia.

Na wewe nilikuwa nakutia mti mdomoni, nikidhani nakuokoa. Nisamehe, baba.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakuja huko kwako kumwomba mchumba wako radhi. Sitaingia ndani. Nitakaa kwenye benchi la nje. Akitaka atatoka, asipotaka nitarudi zangu. Akitoka, sitamtazama mdomoni mpaka acheke mwenyewe.

Mama yako


22 Aprili

Shikamoo mama,

Barua yako kaisoma, akairudia. Leo akipiga pasi kasema, "Mwambie mama benchi la nje lina mguu mbovu, ataanguka. Aingie ndani."

Mwanao