Tawi Mlangoni pa Nyamizi

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Uji, nusu kikombe. Kifua kizito. Dada yangu Nyamizi amefua mashuka. Tangu aje hapa mjini Kanyenye kuniuguza, nyumba inanukia moshi wa kuni za msituni. Harufu ya kwetu, upande wa Sikonge. Naivuta mpaka nakohoa.

Jumatano, 6 Agosti
Leo kasimulia kijiji chao kipya cha barabarani. Shule ipo. Zahanati ipo. Tumbaku imestawi. "Ndiyo maendeleo, kaka. Ila asali siku hizi tunanunua dukani, kama Waarabu wa mjini." Akacheka. Mimi sikuweza.

Alhamisi, 7 Agosti
Niandike kabla mkono haujaishiwa nguvu.

Juni mwaka jana nilipewa kazi ya kuorodhesha kaya za kuhamishiwa vijiji vipya. Mwalimu mstaafu, mwenyeji, mwandiko mzuri. Tulifika kwetu msimu wa asali. Watu wote walikuwa kambini msituni, kwenye mizinga. Kila mlango umelaziwa tawi la muyombo. Kwetu hata mtoto anajua: tawi mlangoni maana yake tunarudi.

Ofisa, mgeni wa huko, aliniuliza kama nyumba zile zina wenyewe. Kuwasubiri kungechukua majuma. Nilikuwa nimechoka. Tena niliamini barabara itawafaa. Nikasema ni mahame. Nikaandika: hayakaliwi.

Kwingine, walioorodheshwa walipewa lori na siku za kufungasha. Mahame yalichomwa. Nyamizi alirudi na asali kichwani, akakuta majivu. Kinu cha mama kilikuwa mle ndani.

Mpaka leo anadhani ni ofisa tu, hakujua maana ya tawi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilianza kumwambia. Nikakohoa. Akaleta maji, akanishika kichwa. Nikanywa, nikajilaza. Mwoga. Kufa sikuogopi. Naogopa mkono ule usinishike tena.

Jumapili, 10 Agosti
Nimemwambia. Alikuwa anachambua mchicha, hakuinua macho.
"Tawi uliliona?"
"Nililiona."
"Hata langu?"
"Lako nililiondoa kwa mkono wangu, nichungulie ndani."
Akamaliza mchicha. Akapika. Akanilisha. Kisha akafungasha kanga zake.

Jumatatu, 11 Agosti
Kaondoka na basi la asubuhi. Hakuniaga. Kitanda chake kimetandikwa. Harufu ya moshi bado ipo, kidogo.

Jirani, Bi Zuhura, kaleta uji, huku analalamika. "Nani kakulazia tawi mlangoni, Mwalimu? Nusura nivunjike mguu." Keshalisogeza ukutani.

Nimemwomba alirudishe palepale.