Sehemu Yako Katika Wimbo wa Kupura Mtama

Tinde, Shinyanga,
6 Julai 2025.

Mpendwa mwanangu Scolastika,

Marahaba. Najua ungeniamkia, basi nimeshaipokea. Hujambo huko Mtwara? Enock mumeo hajambo? Na kile kifua kimepona, au bado unakohoa unanificha? Mimi ni mzima, miguu tu inaniuma asubuhi. Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa naishia kusema "hatujambo", na hapa nyumbani niko mmoja.

Mtama mwaka huu nimeupura peke yangu. Umetoka mzuri, mweupe.

Mwezi uliopita alikuja afisa utamaduni, Bwana Theonest, akasema nyimbo za zamani zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta zisipotee, na watoto wa shule watajifunzia humo. Akautaka ule wimbo wetu wa kupura. Sasa tangu shangazi yako Asteria, aliyeshika sehemu yako ulipoondoka, afariki sina wa kuniitikia, na unajua kwetu mtu hajiitikii mwenyewe, ni mkosi. Basi nikaimba pangu, nikifika pa mwitikiaji nanyamaza, napiga fimbo chini mara nne, halafu naendelea.

Juzi Firoz wa dukani akaufungulia kwenye simu yake. Wanawake wakapiga vigelegele, "Mama Scola umekuwa msanii, usitusahau!" Nikacheka nao. Kumbe pale nilipokuwa nanyamaza pamekatwa pote, hata fimbo haisikiki! Nasikika kwenye wimbo nauliza nani amekuja kunisaidia, papo hapo nauliza tena, na tena, kama mwehu wa mnadani. Na chini wameandika: wimbo wa mtu mmoja.

Nikampigia Bwana Theonest. Akasema, "Mama, mfumo wenyewe ndio unakata ukimya, unadhani ni kosa." Nikamwambia pale si ukimya, pale anaimba mwanangu. Akacheka. Akasema nikimletea mwitikiaji kabla mwezi haujaisha atarekodi upya. Mwezi ukiisha, wimbo unakwenda mashuleni hivyo hivyo ulivyo.

Njoo mwanangu. Najua ni mbali, na kazi ya hospitali ruhusa ni shida. Ikishindikana kabisa, imba hukohuko unitumie, Firoz atanipokelea kwenye simu yake.

Lakini kuna jambo linanikosesha usingizi. Ni miaka kumi na miwili tangu uondoke, na huko mliko hakuna anayeimba hivi. Kama umeusahau, ng'wana wane, niambie tu. Sitakasirika. Maneno yako nayajua yote, nitakutajia mstari kwa mstari bila kuyaimba, wewe utaimba.

Nisalimie Enock, na mjukuu wangu George, mwambie bibi anamwekea karanga. Rehmat, mke wa Firoz, anakusalimu sana. Mungu akutunze, amlainishe moyo mkubwa wako wa kazi akupe ruhusa.

Bwana Theonest nimeshamwambia unakuja. Sikumwambia kwamba bado sijakuuliza.

Ni mimi mama yako, nikupendaye bila kuchoka,

Mama Scola