Kiti Changu Hakikukaa Kitupu

Jumatatu, 10 Novemba 2025. Riyadh

Leo nimemwona Maureen, kwenye chumba cha nyuma cha mkahawa anakojificha, mtaa wa Al-Sulimaniyah. Mtaita mwenzangu, mpiga kura wangu! Kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini, amekalia pasipoti, na ruhusa ya kuondoka hampi. Mkononi ana kovu la kuchomwa na pasi. Mama yake amelazwa, anamlilia arudi. Nimempeleka hotelini awaeleze wabunge wenzangu kwa kinywa chake. Zablon, kiongozi wa msafara wetu, alitikisa kichwa kwa huruma, akachukua namba yake. Eti watamshughulikia. Nikashukuru.

Jumanne, 11 Novemba

Loo! Ratiba imetoka. Alhamisi mkutano wetu wa mabunge utahutubiwa na yule Rais mgeni — jina lake silichafulii karatasi. Ndiye aliyesema kwenye televisheni ya kwao kwamba wasichana wa kazi wa Kiafrika hawateswi, wanadeka tu. Wanadeka! Na lile kovu la Maureen je? Nimewaambia wenzangu mezani: mimi siingii. Kila mtu akainamia sahani yake.

Jumatano, 12 Novemba. Jeddah

Asubuhi Zablon alinijia na sauti ya kubembeleza. Nisiseme nimesusa. Niseme naumwa. Tumbo, kwa mfano!

"Siumwi, Mheshimiwa. Nimekasirika."

"Dada Magdaline, tuko ugenini. Wenyeji wakiona kiti kitupu watauliza."

"Si waulize! Ndiyo maana nasusa."

Akasema hata kwetu hakuna mkutano unaoachwa na viti vitupu, watu hutafutwa. Nikamtupia beji yangu ya mkutano, nikapanda ndege kuja huku Jeddah. Afadhali niketi na wanawake wetu wa kazi za ndani wa mtaa wa Al-Nuzha kuliko kumpigia makofi fedhuli yule. Mwandishi wa habari kutoka Nairobi amenipigia, nikamwambia wazi: kesho atazame kiti changu, kitakuwa kitupu. Maureen hapokei simu.

Alhamisi, 13 Novemba

Niko Al-Nuzha kwa Adhiambo, mpishi, chumbani kwake nyuma ya nyumba ya madam wake. Simu yake tumeiegemeza kwenye birika, tunatazama mkutano. Hotuba imeanza. Kamera inapita — bendera yetu, Zablon na tai yake, halafu kiti changu.

Kina mtu!

"Nani huyo amevaa beji yako?" Adhiambo ameuliza.

Maureen. Wamemfunga kilemba kizuri. Mikono ya gauni imefunika kovu. Ukumbi unapiga makofi, naye anapiga, macho chini.

Mshenzi wewe, Zablon! Nikampigia. Akapokea kwa kunong'ona — nisipige kelele, wenyeji wameridhika, hotuba ikiisha Maureen anapata karatasi zake, kesho yuko kwa mama yake.

"Si ndicho ulichotaka?" Akakata.

Ndicho! Ndicho hasa, lakini si kwa njia hii. Wamemkalisha mbele ya mtu aliyemtukana, kwa jina langu.

Sasa yule mwandishi. Ameandika: Mheshimiwa, kumbe uliingia? Uso umeinama, ila beji yako naiona. Sasa anapiga simu. Nikisema kweli, wenyeji wataaibika na karatasi za Maureen zitakwama. Nikinyamaza, basi nimo ukumbini, nimeshangilia, na wanawake wote wa Al-Nuzha wamenidharau. 

"Pokea basi," amesema Adhiambo. "Ama unaogopa?"

 Naandika tu ili mikono iwe na kazi. Huko ukumbini wanasimama kumshangilia yule Rais. Maureen amechelewa kidogo, Zablon akamgusa kiwiko, naye amesimama. Simu inaita tena.