Alama za Kifaransa Nazitia kwa Kalamu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono kwani nimejifunga mwenyewe, mimi ni karani wa kupiga chapa katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kazi yangu kubwa ni barua za Kifaransa za kwenda Ngazija, ambazo bosi wangu Bwana Gharib huziandika kwa mkono nami nikazipiga, na kwenye taipureta sikuwa na shida, kwani chuoni tulifundishwa kupiga herufi, kurudi nyuma hatua moja, kisha kupiga alama juu yake, lakini mwaka jana tukaletewa kompyuta, nikapiga e, nikarudi nyuma, na ile e ikafutika, nikajaribu mpaka machozi yakanitoka, basi nikaichapisha barua bila alama na kuzitia zote kwa kalamu nyembamba nyeusi, Bwana Gharib akaishika karatasi akasema, "Mashaallah, Mbodze! Mashine imekutii," nami nikanyamaza, na nimenyamaza miezi minane, huku mwenzangu Kasyoka, niliyesoma naye chuo kimoja, akinicheka, "Siri yako nini, dada? Au umeolewa na Mfaransa hatuna habari?", na sasa Bwana Gharib ameamuru kwamba tarehe mosi nimfundishe Kasyoka kupiga alama hizo, mbele yake, nikifaulu niwe mkuu wa makarani, nami sijui hata nianzie kitufe gani, je, siku hiyo nijitie mgonjwa, au niache kazi kabisa?

Mbodze (majina yamebadilishwa), Mbaraki

*

Marahaba, Mbodze. Ukiondoa salamu, barua yako ni sentensi moja isiyo na kituo. Nimeisoma mara mbili nipate pumzi. Nakuhurumia, kwa kuwa ulifanya kama ulivyofundishwa. Kutoijua mashine mpya si aibu. Aibu ni kupokea sifa isiyo yako miezi minane, bila kumwuliza mtu hata mmoja.

Mimi nimemwuliza mpwa wangu Zakiya, anayefundisha kompyuta huko Tononoka. Asema hivi: hakikisha taa ya Num Lock inawaka. Kishikilie kitufe cha Alt, na kwa zile namba za upande wa kulia piga 0233. Ukiiachia Alt, é itajiandika. Kwa è piga 0232, kwa ç 0231, kwa à 0224. Ziandike kwenye kadi, uibandike kando ya mashine, ufanye mazoezi kila siku mpaka vidole vizoee.

Ugonjwa wa uongo usiuthubutu. Ukipona, somo litakuwa linakungoja. Kazi nayo usiiache. Kasyoka pia alisomea taipureta. Atarudi nyuma, herufi itafutika, na katika ofisi nzima wewe tu ndiwe utakayejua kwa nini.

Lakini Bwana Gharib kwanza. Kesho asubuhi, kabla hajapokea wateja, mpelekee barua moja uliyoitia alama kwa kalamu na nyingine uliyoipiga kwa mashine, umwambie ipi ni ipi na tangu lini. Huenda akakupa cheo, huenda akakunyima. Hilo ni lake. Usimwandikie, Mbodze. Kasimame mbele yake useme kwa kinywa chako.