Kuku Waliofunguliwa Siku ya Nne

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Wilaya ya Kibondo
Tarehe 13/03/2024, Jumatano. Yameanza kuandikwa saa 3:10 asubuhi.

Jina: Tharsisi Hatungimana
Umri: miaka 66
Kazi: mkulima, zamani mwalimu wa shule ya msingi
Makazi: Kitongoji cha Rusenga, Kata ya Kitahana
Uraia: Mtanzania wa tajnisi

ANAELEZA:

Mimi ndiye niliyetoa maelezo katika kituo hiki Jumapili tarehe 10/03/2024 kuhusu kuibiwa kuku kumi na wanne. Leo sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Maelezo yale yana mambo mawili yasiyo ya kweli. La kwanza, kuku hawakuibwa. La pili, nilisema simfahamu mwanamke aliyekamatwa, Niyubahwe, ambaye mpaka sasa yumo mahabusu ya kituo hiki. Namfahamu. Jumapili nilieleza kwa ufupi, na ufupi ule ulinisaidia kusema uongo. Leo naomba nieleze kwa mpangilio.

Mnamo tarehe 25/01/2024 binti yangu Winnie, ambaye ni muuguzi Kasulu, alinitumia kwa basi vifaranga ishirini wa siku tatu, ndani ya boksi lililotobolewa matundu. Wawili walifika wamekufa. Mke wangu alifariki mwaka juzi, na Winnie aliniambia kwenye simu, "Baba, angalau uwe na viumbe vinavyokungoja asubuhi." Niliwaweka katika jiko la nje alilokuwa akipikia marehemu. Niliwazungushia maboksi, nikaweka chungu cha mkaa katikati.

Ninavyo vitabu viwili vya ufugaji na nimevisoma vyote. Hata hivyo aliyenionyesha namna ya kuutambua moto wa chungu kwa kuwatazama vifaranga wenyewe ni Niyubahwe. Wakijazana kwenye chungu wana baridi, wakikimbilia pembeni wana joto, wakitawanyika na kulala ovyo wako sawa.

Niyubahwe alifika kwangu mara ya kwanza mwezi Novemba 2023 akiuliza kibarua cha palizi. Ni mkimbizi, anakaa kambini na watoto wake wawili. Nilimuuliza kibali cha kutoka, akasema hana. Nilimpa jembe. Nilifanya hivyo kwa sababu alizungumza Kirundi cha upande wa kwetu Ruyigi, ambako niliondoka mwaka 1972 nikiwa na miaka kumi na minne. Alitumia neno fulani la mvua nyembamba ya asubuhi ambalo sikuwa nimelisikia tangu mama yangu afariki. Baada ya hapo alikuja kila Jumatano na Jumamosi, kwa kuwa nilimwambia aje. Nilikuwa nikimpa muhogo na maharage.

Vifaranga walipofikisha mwezi mmoja tulianza kuwatoa nje mchana, ndani ya kizimba cha wavu kisicho na sakafu. Kila asubuhi tulikisogeza hatua mbili ili wapate majani mapya. Siku ya kwanza waligandamana katikati, wakaogopa hata kukanyaga majani. Niyubahwe alicheka sana.

"Waangalie, sogokuru," alisema, yaani babu. "Wanadhani dunia yote ni sakafu ya jikoni."

Alichimba kishimo, akakijaza majivu na vumbi ili waoge. Mpaka saa sita walikuwa wanajitupa humo na kurusha vumbi mpaka kwenye kanga yake. Jioni tuliwarudisha jikoni kulala. Hilo la kulala jikoni naomba lizingatiwe, ndilo lililoleta mambo yote haya.

Jumatano tarehe 06/03/2024 tuliwahamishia kwenye banda jipya nililojenga nyuma ya nyumba. Niyubahwe alinieleza utaratibu. Kuku wachanga wakae humo siku kumi mlango ukiwa umefungwa, wale humo, wanywe humo na walale humo. Kila jioni watajibanza kona moja na kulaliana, kwa hiyo wanyanyuliwe mmoja mmoja na kuwekwa juu ya fito mpaka wajue kupanda wenyewe. Siku ya kumi na moja wafunguliwe saa moja tu kabla ya jua kuzama, wakiwa na njaa, kisha waitwe ndani kwa kopo la pumba.

"Ukiwafungua kabla, hawajajua kwao," alisema. "Watarudi walikotoka."

Mambo hayo yamo pia katika vitabu vyangu. Siwezi kusema sikujua.

Jumamosi tarehe 09/03/2024 nilikuwa natarajia wageni. Winnie alikuwa anakuja na wazazi na shangazi wawili wa mchumba wake, watu wa biashara wa Kasulu, kuja kutufahamu. Saa 2:00 asubuhi nilifungua mlango wa banda na kuwatoa kuku wote kumi na wanane kwenye majani mbele ya nyumba. Ilikuwa siku ya nne. Niyubahwe alikuwa anafagia uwanja, akasimama.

"Sogokuru, unafanya nini?"

"Wageni wanakuja. Siwezi kuwaonyesha banda lililofungwa kama duka lililofilisika."

"Hao wageni wanakuja kumwona Winnie au kukagua kuku?"

"Unanifundisha kufuga kwenye uwanja wangu?"

"Ego," alisema, yaani ndiyo. "Wiki zote hizi nimekuwa nikifanya nini?"

Alicheka, mimi sikucheka. Nilimwambia kazi ya siku hiyo imekwisha. Nilijaza muhogo kwenye tenga lake kwa mikono yangu, nikalifunika kwa kitenge, nikamwambia apite nyuma ya migomba ili asikutane na wageni barabarani. Sikutaka waulize ni nani. Aliondoka saa 3:30 asubuhi. Aliniacha na kuku wote kumi na wanane, na wageni walipofika saa 4:20 waliwakuta wote kwenye majani. Mama wa mchumba aliwahesabu kwa sauti na kunisifu. Nilifurahi sana kusifiwa.

Saa 12:15 jioni mvua ilianza. Wanawake walikuwa wanapika katika jiko la nje. Mimi nilikuwa barazani na baba wa mchumba, nikimsimulia nilivyochagua mbao za banda. Nikasikia mmoja wa shangazi akisema, "Shii! Shii! Jamani, kuku gani hawa wanataka kuingia chunguni wenyewe?" Wenzake wakacheka, na ufagio ukapiga mlango. Nilisikia na nilielewa. Kuku walikuwa wanarudi kulala walikozoea. Ningeinuka wakati ule ningewapata wote mlangoni pa jiko. Sikuinuka, nilimalizia hadithi ya mbao.

Nilipokwenda kufunga banda nilikuta wanne tu. Niliporudi ndani, baba wa mchumba aliniuliza, "Vipi, mzee, wametimia?"

Nikajibu, "Kumi na wanne wameibwa."

Neno lilitoka kabla sijalipima. Jibu la kweli lilikuwa kwamba nimewafungua mapema kwa ajili ya kuonekana, na sikutaka kulisema mbele ya watu wale na mbele ya binti yangu. Jirani yangu Obedi, niliyemwalika chakula, akasema hapohapo, "Mimi asubuhi nimemwona mwanamke wa kambini anavuka kijito na tenga limefunikwa. Nikajisemea, huyo hajabeba mboga."

Hakuna aliyeuliza inakuwaje kuku walioibwa asubuhi wakasifiwa saa nne na kufukuzwa jikoni jioni. Neno mkimbizi hufupisha uchunguzi. Nalijua hilo kwa kuwa nimeliitwa miaka mingi, na nimewahi kukaa chini kwenye sakafu ya ofisi ya kijiji kwa sababu yake. Mimi peke yangu mezani pale nilijua kilichokuwa ndani ya tenga. Niliendelea kula.

Jumapili tarehe 10/03/2024 saa 1:30 asubuhi Niyubahwe alifika kwangu. Jumapili si siku yake. Nadhani alikuja kuwaangalia kuku, maana aliona nimewafungua na usiku mvua ilinyesha. Alimkuta mwenyekiti wa kitongoji, Longinus, akiwa na mgambo wawili. Obedi ndiye aliyewaita.

"Huyo huyo!" Obedi alisema. "Kawafuata wanne waliobaki. Ana moyo mgumu huyu mama."

Longinus ni mtu wa haki, na alinigeukia mimi kwanza. "Mzee Tharsisi, unamfahamu?"

Winnie alikuwa mlangoni na wageni wake. Niliwaza kwamba kumpa kazi mtu asiye na kibali ni kosa. Niliwaza hati yangu ya uraia, ambayo niliingoja zaidi ya miaka arobaini na naihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni. Nikajibu, "Simfahamu."

Niyubahwe alinitazama. Nilingoja anitaje jina. Longinus alimuuliza, "Wewe mama, umefuata nini hapa?"

"Kuuliza kibarua," alijibu kwa Kiswahili.

"Kwa nani?"

"Kwa yeyote."

Mgambo mmoja akasema, "Kibarua cha kukamata kuku," na watu wakacheka. Alifungwa mikono kwa kamba ya katani. Hakusema Kirundi hata neno moja, nami nilielewa kwa nini. Angesema, wangejua tunaelewana.

Kisha niliandika malalamiko kwa mwandiko wangu mzuri, nikaja hapa kuyathibitisha.

Jumatatu tarehe 11/03/2024 wageni waliondoka asubuhi. Saa 12:30 jioni nilisikia sauti za kuku kutoka kwenye bani la Obedi, yaani banda la kukaushia tumbaku, ambalo halitumiki tangu alipoacha kilimo hicho. Liko kama hatua mia moja hamsini kutoka jiko langu. Nilikwenda, Obedi naye akatoka na tochi. Kuku kumi na mmoja walikuwa wamepanda kwenye miti ya juu ya kutundikia tumbaku, wamebanana. Chini kulikuwa na manyoya na miguu ya wengine watatu. Ilikuwa kazi ya kicheche.

Obedi alizima tochi. "Hawa si ndio wako?"

"Ndio."

"Sasa mzee, tunyamaze. Yule hana kibali, angeshikwa tu hata bila kuku. Unataka tuonekane wajinga?"

Tuliwashusha wote, nikawapeleka bandani na kufunga mlango.

Jumanne tarehe 12/03/2024 sikuja. Sikuwa mgonjwa na mvua haikunyesha. Mchana niliwapa maji na pumba humohumo ndani. Jioni walijibanza kona kama alivyosema, nikawanyanyua mmoja mmoja na kuwaweka juu ya fito. Wakaruka chini, nikawarudisha. Ilinichukua karibu saa nzima, na muda wote huo Niyubahwe alikuwa amelala kwenye sakafu yenu. Nilikuwa naogopa. Naomba hilo liandikwe kama lilivyo.

Koplo anayeniandika, Mwanaheri, amenisimamisha hapa na kuniuliza, "Babu, unaelewa kwamba ukisema hivi unajishtaki mwenyewe?" Nimemjibu, "Naelewa, mwanangu." Ameniuliza kama kuna mtu amenitisha au amenishawishi kubadilisha maelezo. Hakuna. Binti yangu nimempigia simu leo alfajiri na kumweleza yote. Alisema, "Baba, na mbele yangu kabisa." Akakata simu.

Kuhusu Niyubahwe kukutwa nje ya kambi, naeleza kwamba kuanzia Novemba alitoka kwa sababu mimi nilimwita, nilimpangia siku na nilimlisha kwa kazi yake. Kama kuna adhabu kwa hilo, jina langu liandikwe kabla ya lake.

Naeleza pia kwamba kesho Alhamisi ni siku ya kugawa chakula kambini. Mgao huchukuliwa na mwenye familia kwa kuweka kidole chake mwenyewe. Asipokuwepo, watoto wake, mmoja wa miaka minane na mwingine wa mitano, watakosa chakula mpaka mgao ujao. Aliniambia haya zamani, tukiwa tunapukuchua maharage. Jumapili niliyajua, Jumatatu niliyajua na jana niliyajua.

Sijaja kuomba nisamehewe, kwa kuwa ofisi hii haina fomu ya jambo hilo. Naomba maelezo yangu ya Jumapili yasichanwe. Yabaki kwenye jalada pamoja na haya, ili atakayesoma aone nilichosema nilipokuwa na wageni.

Nimesomewa yote haya, nikasahihisha tarehe moja. Ndivyo nilivyotenda, na sina utetezi.

Sahihi ya shahidi: T. Hatungimana
Saa 4:55 asubuhi

MAELEZO YA MWANDISHI

Nathibitisha kuwa nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, akiwa na akili timamu na kwa hiari yake. Saa 6:00 mchana nilifika Rusenga na kuhakikisha kuku kumi na watano wapo, na mabaki ya watatu yapo katika bani lililotajwa. Mwenyekiti wa kitongoji amethibitisha. Tuhuma ya wizi dhidi ya Niyubahwe imefungwa. Suala la kuwa nje ya kambi bila kibali limekabidhiwa kwa ofisi inayohusika, ambayo imekubali arudishwe kambini leo hii kwa gari la kituo. Shahidi ameelezwa kuwa ataitwa kuhojiwa kuhusu maelezo ya uongo na kuhusu kumpa kazi mtu asiye na kibali. Amesema atakuja.

Shahidi aliomba kuonana na Niyubahwe kabla hajaondoka. Nilimfikishia ombi hilo. Amekataa. Nilimuuliza kama ana ujumbe wowote kwa shahidi. Amesema hana.

Gari limeondoka saa 8:40 mchana.

Koplo Mwanaheri
13/03/2024