Mama mkwe kaiosha mota

Shoga, niko jikoni, sijui nicheke au nilie.

Si unakumbuka maji yaliingia chumba cha chini, mashine ya kufulia na friza vikazama nusu? Fundi alikuja, akavifungua kwa nyuma, akasema visiwashwe, tuviache na feni siku tatu mota zikauke.

Siku tatu nimevilinda kama watoto wenye homa.

Leo fundi karudi. Tunashuka, mashine inang'aa. Inachuruzika maji. Inachuruzika, shoga.

Fundi akauliza, "Nani ameimwagia maji?"

Mama mkwe akajibu kwa upole kabisa, "Mimi, baba. Ilikuwa na matope ndani, nikaipitishia mpira wa maji. Hata sabuni nimetia."

Hata sabuni.

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama ukuta. Mume wangu ghafla akakumbuka ana simu ya kupiga.

Mkwe wangu yule, ningemwambia nini? Nikasema, "Asante mama, umejichosha."

Akafurahi kweli. Sasa hivi fundi anavaa viatu mlangoni, na huko chini nasikia bomba limefunguliwa tena.

Friza ndiyo ilikuwa imebaki.